Mtani Aliyeogopa Kuzikwa Kimya

Kila aliponiona, kitu cha kwanza alichoniuliza kilikuwa kama bado sijafa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mtumwa wangu. Kumbe upo? Juzi nimepita kwenu nikasikia harufu ya pilau, nikasema basi, tayari."

Nilipokuwa mdogo nilijificha nyuma ya kanga ya mama. Nilipokua nilijifunza kumjibu, ila jibu langu halikuja kwa wakati. Lilinijia nikiwa nimeshafika nyumbani, naosha vyombo. Hapo nililisema kwa sauti ndogo, nikalibadilisha, nikalisema tena, nikajiuliza kama lilikuwa la adabu. Yeye alilijua hilo. Kesho yake alinisimamisha njiani: "Haya, jibu la jana umelileta?"

Mtaani kwetu Mabwerebwere walimwita Mtani, hata wale ambao hawakuwa watani wake. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa hapa hapa Kilosa. Sisi ni Wasagara. Makabila yetu yanataniana tangu zamani, na utani huo hauishii kwenye kuitana watumwa barabarani. Kazi yake hasa ni msibani. Mtu wa kwetu akifa, mtani anaruhusiwa kufanya kile ambacho mwingine akikifanya atapigwa: kumwigiza marehemu, kumsema vibaya mbele ya watoto wake, kusimama langoni na kulizuia jeneza mpaka awe amemaliza maneno yake. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado usoni, kisha wanalia upya, na kilio hicho cha pili ndicho kinachowashusha pumzi.

Nimemfahamu tangu sijajua kusoma, na muda wote huo sikumwona akiogopa zaidi ya kitu kimoja. Aliogopa kuzikwa kimya. Alisema mtu anayetoka nyumbani kwake bila kuzuiliwa langoni ametolewa, hakusindikizwa.

"Lakini babu, kuna dhikri," nilimwambia siku moja. "Watu wanamtaja Mungu njia nzima."

"Dhikri ni ya Mungu," alisema. "Utani ni wa majirani. Unataka Mungu afanye na kazi ya majirani?"

*

Nitaeleza msiba mmoja, ingawa ninayo mingi. Alikufa mzee mmoja aliyekuwa mlinzi wa ghala la mahindi, na wote tulijua kwamba analala lindoni. Mkewe hakuwa ametamka neno tangu asubuhi. Walimwekea maji, hakunywa. Walimsemesha, aliangalia ukuta. Jeneza lilipoinuliwa, Mtani alikuwa amelala chali katikati ya lango, kofia usoni, rungu la marehemu kifuani, anakoroma.

"Mtani, pisha," walisema wabebaji.

Akakoroma zaidi.

"Pisha bwana, jua linakwenda!"

Akafungua jicho moja. "Nani hapo? Mna kibali? Hapa hakitoki kitu usiku huu." Ilikuwa saa tisa mchana. "Kama ni mahindi, chukueni. Kama ni mimi, niacheni nimalizie usingizi, zamu ya asubuhi haijafika."

Yule mjane akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kama kikohozi, kisha kikageuka kilio, na wanawake wakamshika. Mtani alishakuwa amesimama. Alijipangusa vumbi na akawa wa kwanza kuingiza bega chini ya jeneza.

Watu wengi waliona hayo tu. Hawakuona kwamba alifika kwenye misiba alfajiri kabla ya jamaa, na kwamba alikuwa ameshika jembe makaburini. Hakukubali mtu amtanie marehemu ambaye kaburi lake hakulichimba. Tena alikuwa na sheria moja ambayo sikuwahi kumwona akiivunja: utani una mwisho. Udongo wa mwisho ukishatiwa, mdomo unafungwa. Kwenye hitima ya yule mlinzi, kijana mmoja alirudia mzaha wa kulala lindoni, na wengine wakacheka. Mtani aliweka tonge chini, akanawa, akaondoka na njaa yake.

"Kosa langu nini?" yule kijana aliuliza.

Mtani alimjibu akiwa anavaa ndala. "Mtu huyo ameshafunikwa. Wewe unamfukua."

*

Nyumbani kwake hakuwa mtu wa mizaha. Hili liliwashangaza wageni. Aliketi kwenye kigoda karibu na redio wakati wa matangazo ya vifo, kichwa kimeinama, na mtu akiingia alinyoosha mkono kumnyamazisha. Hakupenda hospitali. Hakupenda kuulizwa habari za afya yake, yeye ambaye kila siku aliwauliza watu kama wameshakufa. Na kwa kuwa alichekesha, watu walidhani anacheka. Mimi nilimwona akicheka mahali pamoja tu, barazani kwa Babu Fundi.

Babu Fundi alikuwa mdogo wake babu yangu mzaa baba. Alikuwa na cherehani yake barazani, na Mtani alikuwa na kiti chake pembeni ya cherehani, kiti ambacho mteja hakuruhusiwa kukikalia. Nilipita hapo nikienda shule, nikapita nikiwa likizo ya chuo, na mazungumzo niliyoyakuta yalikuwa kama hayajawahi kukatika.

"Suruali hii umemshonea nani? Mbuzi?"

"Mbuzi angesimama wima nikimpima. Wewe unajikunja kama funza."

"Kitambaa nimeleta cha kutosha. Kilichobaki kiko wapi?"

"Kimebaki."

"Kimebaki wapi, mwizi wewe?"

"Muulize mwanao wa Mikumi, nimemtumia gauni."

Hapo ndipo Mtani alipocheka, bila sauti, mabega yakitikisika. Ni kweli kwamba suruali zake zote zilikuwa fupi, zikiishia juu ya kifundo cha mguu, na kwamba hakuwahi kwenda kwa fundi mwingine.

Walikuwa wamepatana. Atakayetangulia, mwenzake atasimama langoni. Walilisema mbele ya bibi, mke wa Babu Fundi, naye aliwaambia wanyamaze wasije wakaita mabaya. Mtani alimjibu, "Wewe pika ukoko wangu, mambo ya wanaume yaache." Bibi alimtilia ukoko wa wali kwenye kibakuli kila alipokuja, na alikuwa akiulalamikia kila alipoutia.

*

Nilimaliza chuo na shahada ya mawasiliano ya umma, nikarudi Mabwerebwere kusubiri. Kusubiri kulikuwa kurefu. Mwishowe nilipata kazi ndogo ya kuandikia ukurasa wa loji moja iliyoko Mikumi: picha ya tembo, maneno chini yake, kila siku. Nilikuwa na wasiwasi juu ya kila neno. Niliandika "Karibuni" nikafuta, nikaandika "Karibu", nikajiuliza kama mtu mmoja atajisikia vizuri zaidi ya wengi. Posti ya mistari miwili ilinichukua asubuhi nzima, na ikipata laiki chache niliamini loji itafungwa kwa sababu yangu.

Mtani alikuwa ananiangalia tu. Binti yake anauza chakula kwa madereva wa malori pale Mikumi, kwa hiyo alikwenda na kurudi, na aliniona huko nilipokwenda lojini, na huku.

"Leo umeandika nini?"

"Tembo, babu."

"Jana?"

"Tembo."

"Hata tembo mwenyewe ameshachoka na habari zake."

Baadaye nikaanza kufundisha, Jumamosi, kwenye chumba cha nyuma cha steshenari moja hapa mtaani. Wanafunzi wangu walikuwa watu waliotaka biashara zao zionekane mtandaoni na hawakujua waanzie wapi. Mama wa vitumbua, kijana wa bodaboda, mkulima wa Kisanga aliyetaka kuuza asali. Siku moja Mtani aliingia, akakaa mbele kabisa, akaweka mezani simu ya tachi aliyopewa na binti yake.

"Babu, hili ni darasa la biashara."

"Na mimi nina biashara. Fundisha."

Nilifundisha niliyoyajua. Mstari wa kwanza umshike msomaji shati, maana kidole chake kiko njiani kupita. Andika kama unazungumza na mtu mmoja unayemfahamu. Weka kitu kinachoonekana kwa macho. Usiseme chakula kitamu, sema kitumbua kinachounguza vidole. Weka picha yenye sura ya mtu. Usimalize maneno yote, mwachie msomaji pa kuingilia.

Mtani aliitikia kwa kichwa kila kimoja kama mtu anayesikia habari za kijiji chake. Nilipomaliza akasema, "Sasa wasipocheka?"

"Hapa si lazima wacheke, babu."

"Nakuuliza. Umesema, wamekaa kimya. Unafanyaje?"

Kichwani nilikuwa na majibu mengi, kila moja na upungufu wake.

"Wasipocheka, endelea," aliwaambia wanafunzi wangu. "Ukinyamaza hapo, umewaachia matusi matupu."

Akawa mwanafunzi wangu bora. Aliandika habari ya jogoo wa jirani anayewika saa nane mchana, na habari ya foleni ya maji, na watu wa Kilosa walioko mbali wakaanza kumfuata. Alikuja na simu kunionyesha komenti, akiishika kwa mikono miwili. "Huyu yuko Mwanza. Huyu Muscat. Amecheka akiwa Muscat!" Nadhani hapo alianza kuona njia ya kutokea kwenye hofu yake. Alikuwa akilalamika kwamba watani wanakwisha. "Vijana wa sasa wanamtania kila mtu," alisema, "ndiyo maana hawana mtani." Sasa alikuwa na watu wengi mfukoni, na wote walimcheka.

*

Babu Fundi alikufa mwezi wa mvua nyingi, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu.

Mtani alikuwa Mikumi. Nilimpigia mwenyewe. Nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia, kuanzia mbali, lakini alipopokea alisema, "Ni fundi, siyo?" kabla sijatoa salamu.

Kwa Waislamu mtu hazikwi kesho ikiwa leo inatosha. Mazishi yalipangwa baada ya alasiri. Lakini mvua ilikuwa imeikata barabara ya kutoka Mikumi kuja Kilosa, magari yalikuwa yamepanga foleni upande huu na ule. Ilibaki kuzunguka Morogoro hadi Dumila ndipo ukate kuja kwetu, na hata angepata gari muda ule ule angekuta watu wameshanawa mikono. Alinipigia tena na tena. Mara ya mwisho aliuliza, "Langoni atasimama nani?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Haiwezekani atoke hivi hivi." Akakata.

Aliandika. Alikaa kwenye benchi la binti yake, katikati ya madereva, akaandika kile ambacho angekisema langoni, akaweka picha yao wawili barazani. Ninaikumbuka yote:

"Mwizi wa Mabwerebwere amekufa leo. Kilosa, fungueni madirisha mpumue. Maisha yake yote kanishonea suruali fupi, na kitambaa kilichobaki hakuwahi kukirudisha. Mnaomzika, mpimeni kama alivyonipima mimi. Kaburi liwe fupi, akunje miguu, aone ninavyoona. Na mwanandani wa kaburi ufungwe kwa vifungo, maana zipu zilimshinda. Mwizi wewe, unaondoka na vipimo vyangu, nani tena atanishonea?"

Mtu wa Mabwerebwere akiisoma analia. Mimi nililia, nimesimama jikoni na mwiko mkononi. Mstari wa kwanza ulikuwa unashika shati. Kulikuwa na mtu mmoja anayesemeshwa, kulikuwa na vitu vya kuonekana kwa macho, na mwisho uliachwa wazi. Hakukosea hata kimoja.

Ndiyo maana ilikwenda mbali. Kurasa za watu tusiowajua ziliichukua, na zilichukua mstari wa kwanza tu. Picha ilikatwa ikabaki sura ya Babu Fundi, macho yamefinywa kwa jua, na juu yake: Mwizi wa Mabwerebwere amekufa leo. Chini yake watu walikuwa wanashukuru. Wezi wote wafe. Mwisho wa ubaya ni aibu. Mmoja aliapa kwamba anamfahamu, kwamba ndiye aliyemwibia simu stendi. Babu Fundi hakuwa amefika stendi kwa miaka, miguu ilikuwa imemchoka.

Mtoto wake mkubwa, baba yangu mdogo, anafanya kazi kiwandani Dar es Salaam, na wakiwa kazini simu zinafungiwa kabatini. Tulimpigia asubuhi yote bila kumpata. Alipotoka kula alifungua simu, na kabla hajaona kwamba tumempigia, aliona sura ya baba yake kwenye grupu la watu wa nyumbani. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba baba yake amekufa. Alijua kwanza kwamba amekufa mwizi.

Jioni, mazishi yakiwa yamekwisha, Mtani alinipigia.

"Wameshafukia?"

"Wameshafukia, babu."

"Basi nifundishe kufuta. Udongo umeingia, maneno yatoke."

Nilimfundisha kwenye simu, bonyeza hapa, bonyeza pale, na posti yake ikaondoka. Nikasikia anapumua. Ilibidi nimwambie kwamba nyingine zimebaki, zile za watu wengine, na kwamba zile hatuna mkono wa kuzifuta.

"Wao si watani wake," alisema.

"Ndiyo, babu."

"Sasa kwa nini wanamsema? Mtu ameshafunikwa!"

Siku zilizofuata aliendelea kuniuliza hilo hilo, kwa namna tofauti, kama mtu anayesukuma mlango anaoujua akakuta umefungwa kwa ndani. Je, wamenyamaza? Bado, babu. Na leo? Bado. Nilifikiri sana juu ya yale niliyofundisha kwenye chumba kile cha steshenari, na nikianza kuyasema alinikatiza. "Kidole kilichobonyeza ni changu. Usinivue kosa langu, nitabaki na nini?"

*

Baba mdogo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu kwamba mtu yule asikanyage tena kwenye msiba wa nyumba yetu. Kwenye arobaini Mtani alifika mpaka kona ya mtaa, akaona turubai, akarudi. Bibi alikuwa amekaa mkekani, akaniita niiname.

"Mtani yuko wapi?"

"Hakuja, bibi."

"Hakuja au hakuitwa?"

Nikanyoosha pindo la mkeka.

"Babu yako alitoka hapa kama mgeni aliyekuja kuchukuliwa na gari," alisema. "Ukoko nimemwekea nani sasa?"

Familia nyingine zikafuata. Hakuna aliyeitisha kikao. Watu waliogopa tu kupigwa picha, kurekodiwa, marehemu wao kusambaa. Mtani akianza, mtu alimshika mkono taratibu: mzee, si leo. Akaacha kujaribu. Ile simu ya tachi alimrudishia binti yake, akatoa simu yake ya zamani ya kitochi. Akawa anakwenda misibani kama watu wote, anakunja miguu mkekani, anasema poleni. Jogoo wa jirani aliendelea kuwika saa nane mchana na hakuna aliyeandika habari zake. Mimi niliendelea na tembo.

Mara chache tulipokutana aliniitikia marahaba na kuuliza kama nyumbani hawajambo. Nilitamani aniulize kama bado sijafa. Nilianza kufikiri kwamba ameniona nina hatia, kisha kwamba ameniona sina maana, kisha kwamba anaumwa. Jambo la tatu ndilo lililokuwa kweli, mguu ulikuwa umevimba, na alikuwa amekonda kiasi kwamba suruali fupi zilimkaa kama za mtoto.

*

Nilimwona vizuri mwaka huu, siku ya msiba wa bibi.

Alikuja na fimbo, bila kuitwa, akakaa kwenye benchi la mwisho karibu na lango. Baba mdogo alimwona. Alisimama mbele ya turubai akasema, akiangalia upande mwingine, "Ndugu zangu, tunaomba heshima. Leo hatutaki vichekesho." Watu wakaangalia chini. Mtani pia aliangalia chini, kama vile ametajwa mtu mwingine.

Jeneza lilitoka ndani likiwa limefunikwa kanga ya kijani ambayo bibi aliipenda. Wanaume wakainuka, dhikri ikaanza. Nilikuwa na wanawake, kibarazani, naliona lango lote. Niliona mkono wa Mtani ukikaza fimbo na mguu wake mzima ukisogea mbele. Kisha ukarudi. Jeneza likapita. Halikusimama. Wanaume wakalifuata, sauti zikaelekea makaburini, na yeye akabaki kwenye benchi peke yake, maana mguu haukumruhusu kwenda nao.

Nilimpelekea maji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akapokea kikombe, hakunywa. "Umeona lilivyopita?"

"Nimeona."

"Kama gunia la mkaa linapakiwa. Nilikuwa na maneno yake. Ya ukoko. Nilitaka kusema, mama huyu alininyima wali maisha yake yote." Mdomo wake ulicheza kidogo kisha ukatulia. "Mpaka wafukie bado ni halali, unajua. Lakini nitamwambia nani hapa?"

Nilisema pole.

"Pole yako kaa nayo." Aliniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. "Mimi langoni atasimama nani? Fundi ametangulia. Wale wengine wote nimewazika. Mtanipitisha hivi hivi?"

Aliuliza polepole, na hakuwa anatania. Mimi ni Msagara. Nililijua hilo siku zote, ila sikuwahi kulifikiri kwa upande huu: kwamba mlango ule unafunguka kotekote, na kwamba anayeruhusiwa kunisema mimi ndiye ninayeruhusiwa kumsema. Nikaanza kupanga maneno. Nikawaza shangazi zangu kibarazani. Nikawaza baba mdogo, ambaye hatakawia kurudi kutoka makaburini. Nikawaza kama kumtania mgonjwa ni ukatili, kama itaonekana namdharau bibi, kama nianze na mguu au na suruali. Nikayafuta. Nikayapanga tena. Yeye alikuwa anasubiri, kikombe mkononi.

"Wewe nani akubebe?" nilisema.

Akainua kichwa.

"Misiba yote ya Kilosa umeila wewe," nilisema. "Siku yako tutapika nini, na umeshamaliza?"

"Sauti," alisema Mtani.

"Babu, watu wana..."

"Sauti! Unamzika panya?"

Nikavuta pumzi. "Nimesema hatukubebi!" Sauti yangu ilipasuka, ilitoka juu kuliko nilivyotaka, na kibaraza kizima kikageuka. "Tutakufunga nyuma ya bodaboda kama mbuzi wa mnada, na suruali yako fupi hiyo! Kila kituo tutashuka, tuombe watu watusaidie kukucheka!"

"We mtoto!" Shangazi alikuwa amesimama, mkono kifuani. "Una wazimu? Msibani?"

"Mwache," alisema Mtani. "Huyu ni mtani wangu."

Wanawake walikuwa wananitazama, wengine midomo wazi. Mbali, upande wa makaburi, dhikri ilikuwa imekoma, na nilijua wamefika kwenye kuteremsha. Mtani aliweka kikombe chini. Alivua kofia, akajifunika nayo uso, akaegemea ukuta, miguu ameinyoosha, mikono kifuani, kama alivyolala langoni siku ya yule mlinzi.

Hakuna aliyecheka. Nikaendelea.